Baba wa Kwenye Kijitabu

Magdeburg,
Ujerumani Mashariki.
14 Oktoba 1973

Kwa Bibi yangu Gati,

Shikamoo Bibi. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe na majirani wote. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku sijaizoea. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinakufa ganzi.

Mwaka mzima walitufundisha lugha yao tu. Sasa tumeanza udaktari wa mifugo wenyewe. Wiki iliyopita tulipelekwa shambani nikamzalisha ng'ombe aliyekwama na ndama. Mwalimu akaniuliza nilijifunzia wapi, nikamwambia kwa bibi yangu. Alidhani natania.

Bibi, nina shida. Mwezi wa pili chuo kinaandaa jioni ya mataifa. Kila mwanafunzi wa nje atasimama ukumbini aeleze watu wa kwao wanaishi vipi, na Mtanzania hapa ni mimi peke yangu. Nimekaa na kalamu siku mbili, nikagundua siwezi kueleza hata kibuyu cha maziwa kinavyooshwa. Tangu darasa la tano nimekaa bwenini, nyumbani nimekuja likizo tu kula na kulala. Naomba uniambie yote, kuanzia asubuhi. Mwalimu Selestine ataandika. Na kama inawezekana, nitumie kibuyu kidogo niwaonyeshe.

Ni mimi mjukuu wako,
Joram

———

Tarime.
9 Desemba 1973

Kwa mjukuu wangu Joram,

Barua yako nimeipata na salamu nimezipokea. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, lakini goti si ugonjwa. Anayeandika ni Mwalimu Selestine, anayesema ni mimi, na nimemwonya asipunguze neno. Namtazama mkono.

Hivi wewe, nimekulea miaka yote hiyo, leo unaniuliza kibuyu kinaoshwaje? Aibu gani hii! Haya, sikiliza. Kibuyu hakioshwi kwa maji tu. Unachoma kijiti mpaka kiwe kaa, unakiingiza ndani, unasugua huku na huku, kisha unakung'uta. Ndiyo maana maziwa yetu yana harufu ya moshi na hayaharibiki upesi. Wazungu wako wakiguna, waache wagune.

Asubuhi naamka kabla ya jogoo wa shemeji yangu Marwa, maana jogoo wake ni mvivu kama mwenyewe. Nakamua. Nafungua zizi, natoa ng'ombe mmoja mmoja nikiwaita kwa majina. Nasaga ulezi na muhogo kwenye jiwe, kwa sababu mashine iko mbali na foleni yake ni ya kutwa. Mchana ugali, na mlenda au dagaa wa ziwani. Jioni ng'ombe wakirudi nawatazama tu najua nani hayupo. Yowe likipigwa kwamba mifugo imeibwa, kila mtu anatoka mbio, hata wale waliokuwa hawasemeshani tangu mavuno. Waambie hilo, ni zuri.

Lakini hayo yote ni ya juu juu. Usianze na ugali. Cha kwanza ukisimama utaje nyumba unayotoka. Mwalimu, andika kwa herufi kubwa: MIMI NI WA NYUMBA YA GATI. Sema Gati alizaa mabinti watatu, hakupata mtoto wa kiume, na mumewe Nyamhanga akafa. Matanga hayajaisha, ndugu wa mume wakaja kupima shamba kwa hatua, Marwa akiwa mbele. Gati akachukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake akamwoa Bhoke, ndoa tunayoiita nyumba ntobhu, awe mke wa yule mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Bhoke akakuzaa wewe, na mimi nikawa bibi yako, na wapimaji wakarudi kwao. Aliyempa mama yako mimba hana jina katika nyumba hii na hatafutwi. Huku kwetu mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba isife ni jambo la tangu zamani, na hakuna anayecheka. Huko wasikojua, waeleze polepole. Wataelewa kama kweli wamesoma.

Kaburi la mama yako nimelipalilia. Kibuyu nimempa Mwalimu, amekifunga kwenye gunia na karatasi. Kikifika kimepasuka usinilaumu mimi.

Bibi yako,
Gati

———

Magdeburg.
3 Machi 1974

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima kabisa, na leo nina furaha, naandika haraka kabla posta haijafunga.

Jioni ya mataifa imepita, Bibi, na nilipigiwa makofi watu wamesimama! Kibuyu kilifika kizima. Nilichoma kijiti mbele yao nikasugua, ukumbi mzima ukanuka moshi, mama mmoja wa jikoni akalia kwa sababu ilimkumbusha kwao kijijini kabla ya vita. Nilipowaeleza ya yowe, walitaka nilipige. Nikalipiga. Mlinzi akaja mbio.

Chama chao cha urafiki kimechapisha maelezo yangu yote katika kijitabu, upande mmoja Kijerumani, upande mwingine Kiswahili, na picha yangu mbele. Nimekutumia wewe kimoja. Vinne nimevituma shuleni kwa Mwalimu Selestine, wanafunzi wasome na wajue mtoto wa hapo amefika wapi. Mambo ya familia niliyafupisha kidogo kwa sababu ya muda. Usijali hilo.

Naomba uniambie umeionaje picha. Koti si langu, la kuazima.

Mjukuu wako anayekupenda,
Joram

———

Tarime.
19 Mei 1974

Joram,

Mimi mzima. Natumaini na wewe.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Unaona herufi zinavyopanda mlima. Tangu Januari nakwenda kisomo cha watu wazima, jioni mara tatu kwa wiki, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Nilitaka nikushtue kwa furaha. Ningekuandikia barua nzuri.

Kijitabu changu hakijafika mpaka leo. Vya shule vilifika. Mwalimu alikuja darasani akicheka, akasema leo hatusomi kitabu cha kilimo cha pamba, leo tunasomewa maneno ya mtoto wetu. Tulikuwa watu thelathini. Nilikaa mbele. Nilijifunga kitenge kipya, Joram, maana alinidokeza mchana.

Akasoma ya kibuyu, watu wakafurahi. Akasoma ya ulezi. Kisha akasoma hivi, na mimi nimenakili neno kwa neno, imenichukua jioni mbili: "Baba yangu, Mzee Marwa, ni mkulima na mfugaji hodari. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Bibi yetu mzee anakaa nasi, na jioni hutusimulia hadithi."

Mwalimu akafunika kijitabu. Akakohoa. Marwa alikuwa dawati la nyuma, akasema, "Endelea Mwalimu, mbona unaachia patamu?"

Hadithi! Mimi nimekusimulia hadithi lini? Nilikuwa na muda wa hadithi mimi, na ng'ombe kumi na wawili na shamba na mtoto aliyefiwa na mama? Na tangu lini nakaa kwa Marwa? Marwa aliyenitukana mbele ya jeneza la kaka yake, leo ni baba yako hodari!

Kijitabu kimoja amekichukua. Anatembea nacho.

Niambie kwa nini.

Bibi yako,
Gati

———

Magdeburg.
30 Juni 1974

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi. Hongera kwa kuandika, nasema kweli kutoka moyoni, ingawa najua huitaki hongera yangu sasa.

Umeuliza kwa nini. Nitakuambia. Barua yako ya Desemba ilipofika nilimsomea mwenzangu wa chumbani, Mjerumani, anaitwa Horst. Nilimweleza polepole kama ulivyosema. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake meza nzima ya chakula ilikuwa inajua. Mwezi mzima waliniuliza kati ya bibi na mama ni nani alikuwa ananyoa ndevu. Na hao ndio marafiki zangu, Bibi, sina wengine. Nikaona nikisimama ukumbini na neno hilo, mbele ya watu mia tatu, hawatasikia jingine lolote. Wangeondoka na hilo tu. Walitaka baba, nikawapa baba. Babu mdogo Marwa ndiye mwanamume wa karibu, jina likaja.

Nisiseme ni Wazungu tu. Hata bwenini Musoma waliotoka sehemu nyingine waliniita mtoto wa wanawake wawili. Nilipigana mpaka nikachoka kupigana. Hukujua kwa sababu sikukuambia.

Na kuna jambo nimekuwa nalo siku nyingi. Mama aliulizwa? Ulipopeleka ng'ombe kwao, kuna mtu alimuuliza Bhoke kama anataka kuolewa na bibi mwenye goti bovu na mume ambaye hayupo? Alikuwa na miaka mingapi?

Hayo ni maneno ya kijitabu tu, Bibi. Yalisemwa mbali huku, hayawezi kumdhuru mtu. Acha Marwa atembee nacho, kitachakaa.

Mjukuu wako,
Joram

———

Tarime.
27 Agosti 1974

Joram,

Salamu. Mwili mzima, mengine hapana.

Nianze na swali lako. Hakuulizwa. Baba yake alikuwa anataka kumwoza kwa mzee wa wake wanne, akakimbia mara mbili, akarudishwa kwa fimbo. Mimi nilipopeleka ng'ombe alikuja, akalala siku tatu bila kusema, siku ya nne akashika jembe. Miaka yake sikuihesabu. Pengine kumi na sita. Nilijiambia kwangu hatapigwa, na hakupigwa, lakini sikumuuliza. Hilo umenishika.

Sasa sikia yaliyo hapa. Wote tunahamishwa. Kila mtu atoke kwenye mji wake akajenge barabarani kwa mstari, kijiji cha ujamaa. Mgambo wameshapita wakipiga alama milango. Mimi sibishi kuhama, wanasema shule itakuwa karibu na maji yatakuja, sawa. Kwenye mstari kila kaya inapewa kiwanja na shamba, na mifugo inaandikwa kwa jina la mwenye kaya.

Juzi ilikuwa zamu yetu. Katibu aliyeletwa kuandika si mtu wa mkoa huu. Ana adabu, aliniamkia shikamoo. Nikamwambia andika Gati. Akauliza mwanamume wa kaya ni nani. Nikasema mjukuu wangu Joram, yuko Ujerumani anasoma. Akauliza baba yake Joram je? Kabla sijafungua mdomo Marwa akatoa kile kijitabu mfukoni mwa koti. Amekifunga nailoni! Akamfungulia ukurasa. Na picha yako hapo, umevaa koti la watu, unatabasamu.

Wazee wa ukoo walisimama, wote, hata mzee Mogesi ambaye haoni, wakasema Marwa ni mwongo, nyumba hii ni ya Gati na kila mtu anajua. Katibu akawasikiliza. Kisha akaniambia kwa upole, "Mama, mimi siwezi kubishana na kijana mwenyewe. Amesema, na wamemchapisha." Akaniandika chini ya Marwa. Mimi! Mtegemezi namba tano, baada ya watoto wake. Na ng'ombe kumi na wawili wakaandikwa kwake.

Hukuwaza hilo. Najua hukuwaza. Ulisema maneno ya huko hayafiki huku.

Nimembana katibu mpaka akanipa mlango mmoja. Orodha inapelekwa Tarime mjini mwisho wa Oktoba. Kabla ya hapo ikifika karatasi yako yenye muhuri wa chuo, ya kusema kijitabu kilikosea, atafuta na kuandika upya. Ameniahidi mbele ya Mwalimu Selestine. Maneno ni machache: mimi si mtoto wa Marwa, ni wa nyumba ya Gati. Kama unaona aibu kueleza mwanamke kumwoa mwanamke, usieleze. Hayo tu.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Bibi yako,
Gati

———

Magdeburg.
6 Oktoba 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe, tulikuwa na mitihani.

Nimesikitika sana. Lakini naomba unielewe kidogo. Muhuri unatoka ofisi ileile iliyosimamia kijitabu. Kuupata ni lazima niwaambie kwamba niliwadanganya ukumbini, na wao wamekichapisha na kukigawa mpaka Berlin. Mwezi ujao nimechaguliwa kwenda huko kuzungumza kwa niaba ya wanafunzi wa Afrika, kwa ajili ya kijitabu hichohicho. Nikiwaambia sasa, safari imekwisha, na sijui na masomo itakuwaje.

Mwonyeshe katibu barua hii. Hapa naandika kwa mkono wangu: Marwa ni mdogo wa babu yangu tu. Nadhani itatosha, mtu wa heshima kama huyo ataelewa. Na nikirudi mwaka 1977 nitanyoosha kila kitu mwenyewe, nakuahidi.

Jitunze goti.

Mjukuu wako,
Joram

———

Magdeburg.
12 Januari 1975

Bibi,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimehesabu wiki kumi na nne.

Okech, niliyesoma naye Musoma, ameniandikia. Anasema alipita kwetu mwezi wa kumi na moja na hakuna nyumba hata moja juu ya kilima, ni mashimo ya nguzo na majivu. Hakusema uko wapi. Nimekula nini tangu nisome hiyo barua sijui.

Berlin nilikwenda. Nilisimama nikasema yaleyale, Baba yangu Mzee Marwa, na nilipofika kwenye bibi anayesimulia hadithi sauti ilinikatika, wakadhani nimekumbuka nyumbani, wakapiga makofi zaidi. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikawaambia yote, kuanzia Nyamhanga mpaka Bhoke. Waliandika, wakaniuliza maswali mawili, wakapiga muhuri. Ni hivyo tu, Bibi. Hawakunifukuza. Hawakukasirika hata. Mmoja alisema inapendeza. Nilichokuwa naogopa miezi yote hiyo kilichukua nusu saa.

Karatasi ndiyo hii, mihuri miwili, kwa Kijerumani na Kiswahili. Nimeiandika: MIMI NI WA NYUMBA YA GATI, kwa herufi kubwa. Mpe katibu. Mpe yeyote.

Nijibu hata kwa neno moja. Nitukane.

Mjukuu wako,
Joram

———

Nyarero.
7 Aprili 1975

Kwa Joram,

Salamu. Mimi mzima, natumaini nawe u mzima na masomo yanakwenda.

Karatasi yako ilifika Februari. Mwalimu Selestine aliibeba mwenyewe kwa baiskeli mpaka kwa katibu. Katibu aliisoma yote, akasema ni karatasi safi, akaitia kwenye faili. Orodha ilikwisha kwenda Oktoba. Ile barua yako ya mkono alikuwa ameniambia haina muhuri.

Nyumba waliivuta kwa kamba Novemba. Ng'ombe Marwa amewatoa mahari, kijana wake ameoa. Hata yule mwekundu niliyemlea kwa chupa amekwenda. Mahali pa kaburi la mama yako amepanda mihogo. Nilimwambia aache hatua tatu tu, akanicheka, akauliza kaburi la nani, eti baba wa Joram ni yeye na mkewe yuko hai jikoni. Mimi nilikaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake wiki tatu, nikila baada ya watoto wake. Siku ya ishirini na moja nikabeba mkeka nikatembea mpaka huku Nyarero kwa binti yangu, shangazi yako Agustina. Mama mzima kwenda kuishi kwa mkwe, unajua watu wanasemaje.

Agustina ameoza binti yake mkubwa Januari. Akakaa na mumewe, wakazungumza, wakanipa ng'ombe. Nimeoa tena, Joram.

Anaitwa Verdiana. Ana miaka ishirini na miwili, alikuwa na mimba ya miezi saba na mwanamume ameikana. Huyu nimemuuliza. Nimemuuliza mbele ya mama yake, nikamuuliza tukiwa wawili shambani, na mara ya tatu nikamwambia akikataa ng'ombe hawarudi, wabaki kwao, na yeye aende anakotaka. Akasema anataka, ila hataki kusaga kwenye jiwe, tupeleke mashine. Nimekubali. Swali lako lilinisaidia na ninakushukuru kwa hilo.

Amejifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume. Mwandishi wa kijiji hapa ni mtu wa hukuhuku, hakuuliza maswali mengi. Ameandika Gati, mwenye kaya, na mke wa nyumba, na mjukuu. Watu watatu. Nilimwomba anipe karatasi nisome mwenyewe kabla hajaifunga, nikasoma, iko sawa.

Wazee wa ukoo walikuja. Wakaniuliza je, wa Ujerumani naye aandikwe? Nikaendelea kumfunika mtoto, Mogesi akadhani sijasikia akauliza tena. Nikasema huyo ana baba, amemchagua mwenyewe, na baba ana kiwanja barabarani. Wamekubali. Limekwisha kusemwa mbele ya watu, siwezi kulirudisha hata ningetaka, na usiku ule nilitaka.

Ukimaliza shule utakuja, najua. Ukipita Nyarero uingie, utapewa uji na kiti kama mgeni yeyote, na nitafurahi kukuona umekuwa mtu mzima. Usije na zawadi za mtoto. Asije akauliza wewe ni nani kwake.

Gati